Joto na sumukuvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jeni za ukungu wa mahindi

Kila mazungumzo ya sumukuvu yakifika kwenye joto, mkono wa kwanza kuinuka huuliza jambo lile lile: "Kama ukungu unapenda joto, si ina maana ghala la moto zaidi ndilo lenye sumu zaidi?" Hapana, si lazima. Jibu hilo fupi huzua maswali mengine kumi, na ndiyo haya hapa chini. Baadhi nimeyajibu kwa mistari miwili, mengine yamenivuta mbali kidogo.

Ni ukungu upi hasa tunaouzungumzia?

Aspergillus flavus. Ni ule wa kijani kilichochanganyika na manjano, unaoonekana kama vumbi kwenye ncha ya gunzi, hasa pale wadudu walipotoboa. Makazi yake ni udongo na mabaki ya mazao. Huingia kwenye mahindi, karanga, mtama, mbegu za pamba na korosho. Si kitu kigeni, kwani kila aliyewahi kupukuchua mahindi amevuta chembe zake puani.

Sumu yake kuu ni aflatoksini, na aina iliyo kali kuliko zote huitwa B1. Herufi B inatokana na neno la Kiingereza la rangi ya buluu, maana sumu hiyo hung'aa kwa buluu ikimulikwa na taa ya urujuanimno. Watanzania wengi siku hizi huiita sumukuvu tu. Kisayansi sumukuvu ni jina la ukoo mzima wa sumu za kuvu, lakini sokoni ukitamka neno hilo watu huelewa aflatoksini, na mimi nitalitumia hivyo.

Jina aflatoksini limetoka wapi?

Kwenye mabanda ya bata mzinga. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa ambao haukujulikana. Chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga waliyolishwa. Watafiti wakachukua A ya Aspergillus na "fla" ya flavus, wakaunganisha na neno la sumu.

Ukungu hustawi kwenye joto lipi, na sumu hutengenezwa kwenye joto lipi?

Hapa ndipo kiini cha ukurasa wote kilipo. Aspergillus flavus hukua haraka zaidi kwenye joto la karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Sumu nayo hutengenezwa kwa wingi zaidi kati ya nyuzi 28 na 30. Ni ukungu ule ule na chakula kile kile, lakini vilele ni viwili tofauti.

Maabara wanaliona jambo hili kwa urahisi. Chukua sahani mbili za kuoteshea, zipandikize ukungu mmoja, weka moja kwenye nyuzi 37 na nyingine kwenye nyuzi 30. Ya kwanza itatanda upesi na kupendeza macho, ila ukiipima utakuta aflatoksini ni kidogo mno au haipo. Ya pili haitakuwa na haraka kama mwenzake, na ndiyo iliyobeba sumu.

Nyuzi 37 ni joto la mwili wa binadamu pia. Kwa hiyo sumu inayotuumiza si ya kutengenezwa tumboni, ni ile iliyokwisha kutengenezwa shambani au ghalani kabla tonge halijafika mdomoni.

Ndani ya ukungu kunatokea nini joto linapobadilika?

Jeni za sumu huamka au hulala. Aspergillus flavus ina jeni zaidi ya 12,000 kwenye kromosomu nane. Kati ya hizo, kama 30 zina kazi moja tu, kutengeneza aflatoksini. Jambo la ajabu ni kwamba hazikutawanyika ovyo. Zimekaa pamoja karibu na ncha ya kromosomu ya tatu, kama vibanda vya mafundi wa kazi moja vilivyopangana mtaa mmoja.

Kazi yenyewe ina hatua nyingi. Jeni ya aflC hutoa kimeng'enya, yaani protini inayofanikisha kazi za kikemia ndani ya seli, kinachoanzisha safari kwa kuunganisha vipande vidogo vya kaboni. Baadaye hupatikana kitu chenye rangi ya machungwa kiitwacho asidi ya norsoloriniki, ambacho jeni ya aflD hukipeleka hatua inayofuata. Ukungu ambao aflD yake imeharibika hukwama hapo hapo, ukarundika ile rangi, na ukigeuza sahani utaiona kwa chini bila darubini. Watafiti wa zamani walilitumia doa hilo la machungwa kama taa ya onyo: rangi ikitokea, wanajua kiwanda kimewashwa. Kutoka hapo zipo hatua nyingine nyingi, hadi aflQ inapomaliza kazi na B1 ikatoka.

Jeni ikiwa kazini, seli hutoa nakala zake za muda, mithili ya karani anayenukuu ukurasa kutoka kwenye kitabu kisichoruhusiwa kutoka ofisini. Nakala zikiwa nyingi, vimeng'enya huwa vingi. Kwa hiyo mtafiti akisema jeni fulani "imefanya kazi zaidi", mara nyingi alichofanya ni kuhesabu nakala.

Tofauti ya nakala ni kubwa kiasi gani?

Ni kubwa kupita nilivyotarajia nilipoisoma mara ya kwanza. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliosoma nakala za jeni za ukungu huu kwenye nyuzi 30 na nyuzi 37. Jeni 1,153 zilibadilika kati ya joto hizo mbili. Kwa zile 30 za aflatoksini, wastani wa nakala ulikuwa mkubwa mara 3,300 kwenye nyuzi 30 kuliko kwenye nyuzi 37. Nyuzi saba tu, ambazo ni kama tofauti ya kivuli cha mwembe na bati la saa saba mchana.

Ukungu huu una makundi 55 ya jeni za namna hii, yanayotengeneza vitu ambavyo si lazima kwa uhai wake. Kumi na moja kati yake yalipanda joto liliposhuka hadi nyuzi 30, na kundi la aflatoksini likawa miongoni mwa yaliyopanda kuliko yote.

Nani anayetoa amri?

Ni jeni mbili zilizokaa ndani ya mtaa ule ule, aflR na aflS. Protini ya aflR hushika sehemu maalumu zilizo mbele ya jeni nyingine za sumu na kuzianzisha kazi. Protini ya aflS haishiki vinasaba yenyewe, ila huungana na aflR na kuisaidia. Mimi huwaambia watu wafikirie jembe na mpini. Chuma ndicho kinachoingia ardhini, lakini bila mpini uliokaa sawasawa hulimi heka.

Joto linagusa muungano huo. Utafiti wa 2011 ulionyesha kuwa kwenye nyuzi 37 nakala za jeni zote mbili zilipungua, na kwamba hata mabadiliko madogo ya uwiano kati ya aflS na aflR yanaonekana kutosha kuamua kama mtaa mzima utafanya kazi au utalala. Miaka minne kabla, mwaka 2007, utafiti mwingine ulilinganisha nyuzi 28 na 37 ukapata picha iliyopishana kidogo: jeni za sumu zilishuka kwenye joto kali, lakini aflR na aflS zenyewe hazikubadilika kwa maana. Waandishi wake wakaelekeza kidole kwenye protini, kwamba huenda aflR ikishapata joto kali haifanyi kazi hata kama nakala zake zipo.

Wapo wanaozichukua tafiti hizi mbili kama mahasimu. Kwangu mimi hazigombani sana. Jembe likikosekana stoo, au likiwepo lakini chuma kinachezacheza kwenye mpini, shamba halilimwi.

Juu ya wawili hawa kuna wakubwa wengine. Protini ya laeA, iliyotangazwa mwaka 2004, huungana na nyingine iitwayo veA na kusimamia makundi mengi ya jeni kwa mpigo. veA inahusika pia na mwanga na giza. Ndiyo kusema ukungu hausomi joto peke yake. Husoma mwanga, chakula, tindikali na maji, kisha ndipo uamuzi unapotoka.

Basi nikifanya ghala liwe la moto kabisa, sumu haitatengenezwa?

Tafadhali usijaribu. Kwanza, nyuzi 37 za maabara hukaa palepale usiku na mchana, jambo ambalo ghala la bati haliwezi. Mchana litapanda, usiku litashuka, na likishuka linapita kwenye zile nyuzi 28 hadi 30 ambako jeni huamka. Ukungu uliolelewa kwenye joto kali haujapoteza jeni zake. Ukiuhamishia kwenye joto la chini unaanza kutengeneza sumu, tena ukiwa na mwili mkubwa ulioujenga wakati wa joto. Pili, joto huongeza wadudu na kuharibu uwezo wa mbegu kuota. Tatu, sumu iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa sababu jeni zimelala.

Nikiona ukungu mwingi nijue sumu ni nyingi?

Ukungu mwingi ni sababu tosha ya kutokula. Kosa kubwa liko upande wa pili, kudhani kwamba punje safi kwa macho ni salama. Tumeona kuwa kukua na kutengeneza sumu ni mambo mawili yenye joto tofauti. Isitoshe, ukungu unaweza kupepetwa na kufutwa kwenye punje, sumu ikabaki ndani. Haina rangi unayoweza kuiona kwa macho kwenye unga, haina harufu, haina ladha.

Na baridi je? Friji?

Chini ya nyuzi 10 hivi ukungu huu karibu haukui, kwa hiyo karanga ulizozihifadhi kavu kwenye friji ziko mahali pazuri. Lakini baridi haiui chembe za uzazi za ukungu wala haivunji sumu iliyokuwamo.

Nikipika ugali muda mrefu?

Hapana. Aflatoksini B1 safi huanza kuvunjika kwenye joto linalozidi nyuzi 260. Maji ya ugali yanachemka kwenye 100, au chini kidogo ukiwa Mbeya au Nyahururu. Kukaanga karanga hupunguza kiasi fulani, lakini si kiasi cha kukufanya ulale usingizi.

Kinachopunguza kweli ni kuchambua na kukoboa. Kutoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu sumu haisambai sawasawa bali hukaa kwenye punje chache. Kukoboa husaidia kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye kiini na ganda la nje. Hapa wapenzi wa dona watanichukia. Dona ina lishe zaidi kuliko sembe, nami naila, ila inadai mahindi safi. Na zile pumba zisiende kwa ng'ombe kienyeji: ng'ombe akila B1, sehemu yake hugeuzwa mwilini kuwa M1 na kutoka kwenye maziwa. Kuyachemsha maziwa hayo hakuondoi kitu.

Kati ya joto na unyevu, kipi nikihangaikie zaidi?

Unyevu, bila kusita. Joto la Tanga, Mombasa au Morogoro hulitawali, lakini unyevu wa mahindi unaweza kuutawala. Mahindi yakikaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini, ambao ndio ukomo wa kiwango cha Afrika Mashariki, ukungu hukosa maji ya kutumia, na jeni zake ziwe macho au zimelala hazina la kufanya.

Viwili hivi hufanya kazi pamoja. Majaribio yaliyobadilisha joto na maji kwa wakati mmoja yameonyesha kuwa uwiano wa aflS na aflR hupanda na kushuka kwa kufuata mchanganyiko wa vyote viwili. Lundo lenye unyevu pia hujipasha joto lenyewe, maana punje, wadudu na ukungu wote wanapumua. Ukiingiza mkono katikati ya gunia ukahisi vuguvugu wakati nje pana ubaridi, umechelewa kidogo lakini bado una kazi ya kufanya: mwaga, tandaza, kausha upya, chambua.

Kama huna mashine ya kupimia unyevu, tumia chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi robo chupa na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Udongo ndiko ukungu ulikotoka.

Mbona misiba mikubwa imetokea sehemu kame kama Makueni na Dodoma, si pwani kwenye joto na unyevunyevu?

Swali zuri, na jibu lake lina sura mbili.

Sura ya kwanza ni shambani. Ukame unapoambatana na joto wakati punje zinajaa, mmea hudhoofika, maganda hupasuka, wadudu hutoboa, na ukungu huingia ukiwa hauna mpinzani. Ukungu huu unavumilia ukavu kuliko kuvu wenzake wengi.

Sura ya pili ni baada ya kuvuna. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa zimeathirika zaidi, waliugua watu 317 na 125 wakafariki. Ilikuwa baada ya ukame, na mvua zikaja nje ya msimu wakati wa kuvuna. Watu waliingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamoishi, wengine wakihofia wezi. Fikiria mahali hapo kwa jicho la jeni: chumba chenye kivuli, joto la wastani ambalo binadamu analiona zuri, gunia lenye maji, hewa haipiti. Ukungu ukikaa kwenye nyuzi 37 shambani adhuhuri, jeni zinaweza kulala. Ukihamishiwa chumbani, kiwanda kinafunguliwa.

Tanzania ilipata msiba wake mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 wakiugua na 20 kufariki. Na kabla ya hapo, 1981, Machakos nchini Kenya walikuwa wameshapoteza watu 12.

Dunia ikizidi kuwa na joto, si sumu itapungua basi?

Ingekuwa hivyo kama joto lingebadilika peke yake. Hewa ya ukaa nayo inaongezeka, na ukame pia. Majaribio ya maabara yaliyopandisha joto hadi nyuzi 37, yakapunguza maji na kuongeza hewa ya ukaa, yalikuta sumu ikiongezeka kwenye joto hilo hilo ambalo tumezoea kusema linailaza, na jeni ya aflD nayo ikawa na nakala nyingi zaidi. Kwa hiyo ile sheria ya nyuzi 37 tusiifanye msahafu. Sehemu ambazo zamani zilikuwa na baridi mno kwa ukungu huu, kama kusini mwa Ulaya, zinasogea kuelekea kwenye nyuzi zinazoupendeza.

Ukungu unahitaji sumu hii ili uishi?

Hapana. Upo unaoishi vizuri kabisa bila kuitengeneza. Aspergillus oryzae, ambao Wajapani huutumia kuchachusha mchuzi wa soya, ni ndugu wa karibu sana wa flavus, lakini mtaa wake wa jeni za sumu ni mbovu na haufanyi kazi. Miongoni mwa flavus wa porini pia wapo waliopoteza jeni moja au mtaa wote.

Aflasafe inahusiana vipi na haya yote?

Inatumia hao hao waliopoteza. Ni punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote, zikapakwa Aspergillus flavus wa asili ya nchi husika asiyeweza kutengeneza aflatoksini. Hunyunyizwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajatoa maua, kilo nne kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu. Huo ukungu usio na sumu huwahi kushika nafasi na chakula, yule mwenye sumu akija anakuta viti vimejaa. Kenya ilisajili ya kwake, KE01, mwaka 2015, na hutengenezwa Katumani. Tanzania nayo inazo za kwake.

Ninachoipendea njia hii ni kwamba haitegemei kubahatisha joto. Kama jeni imevunjika, nyuzi 30 hazina cha kuamsha. Ila haikaushi mahindi kwa niaba yako.

Kuvu wote wanafuata sheria hii ya joto?

La. Aspergillus parasiticus, wa kwenye karanga zaidi, anafanana na flavus. Lakini Aspergillus nidulans, anayetengeneza sumu ya jamii hiyo hiyo kwa jeni za jamii hiyo hiyo, yeye huitengeneza vizuri zaidi kwenye nyuzi 37. Fusarium, kuvu mwingine mkubwa wa mahindi mwenye sumu ya fumonisini, ana hesabu zake tofauti kabisa. Ukisoma habari ya "joto na sumukuvu", angalia kwanza ni kuvu yupi.

Nikipeleka mahindi maabara, watapima jeni au sumu?

Sumu. Kupima nakala za jeni ni kazi ya watafiti: inakuambia ukungu unafanya nini saa hii, wakati wewe unataka kujua umekwisha kuacha nini kwenye chakula. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu zisizozidi 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na B1 isizidi 5.

Tatizo kubwa liko kwenye sampuli. Kwa kuwa punje chache ndizo hubeba mzigo wote, konzi moja kutoka juu ya gunia inaweza kukupa jibu zuri lisilo la kweli. Choma magunia mengi kwa kijiti cha kuchukulia sampuli, juu, katikati na chini, changanya vyote, saga, changanya tena, ndipo utoe kiasi cha kupeleka. Na weka sampuli kwenye mfuko wa karatasi: ukiifunga mbichi kwenye plastiki na kuisafirisha siku mbili ndani ya buti la gari, utakuwa umeyapa mahindi yale nafasi ya kutengeneza sumu ambayo hayakuwa nayo yalipotoka ghalani.